Mbwa Asiyesifiwa

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa duka Jumatatu asubuhi, na kabla ya saa sita kila mwenye mbwa alikuwa amelisoma au amesomewa. Mtoto wa miaka sita alikuwa amefariki kwa kichaa cha mbwa mtaa wa pili. Halmashauri ilikuwa imeamua: kila nyumba ibaki na mbwa mmoja, achanjwe, avae kibati shingoni. Wanaozidi wangeondolewa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Neno lililotumika lilikuwa hilo, kuondolewa, na hakuna aliyeuliza maana yake. Kifungu cha nne kilisema mbwa wa asili wa kuwinda wangeweza kubaki hata wakizidi mmoja, mradi mtaalamu awapime wote na kuwathibitisha mmoja mmoja; atakayeshindwa angeondolewa.

Msasi, mwindaji wa mtaa, alikuwa na mbwa watatu.

Watu waliwaita mabubu, kwa sababu hawakubweka. Walikuwa mbwa wafupi wenye rangi ya tofali, masikio yaliyosimama, mkia uliojikunja juu ya mgongo kama mkono wa kikombe, na mikunjo kwenye paji la uso iliyowafanya waonekane kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Walijilamba kama paka. Wakifurahi walitoa sauti ya kooni iliyofanana na bawaba isiyotiwa mafuta. Mbwa asiyebweka hupotea vichakani, kwa hiyo wasasi waliwavalisha kengele ya mti, wakaijaza nyasi isilie njiani, na kuzichomoa nyasi pale tu nyayo za nguruwe mwitu zilipokuwa mbichi. Mashamba manane yalimtegemea Msasi mahindi yalipokomaa, na kila shamba lilimtolea gunia baada ya mavuno. Kazi nyingine hakuwa nayo, na goti lake la kulia halikuwa tayari kujifunza nyingine.

Wa kwanza kati ya watatu hao aliitwa Sina Neno, jike wa miaka tisa. Sikio lake moja lilichanika zamani, mkia ulivunjika ukapona vibaya, na jino la mbele halikuwapo. Wa pili, Mtajua, alikuwa binti yake, mwepesi, bado anajifunza. Wa tatu, dume, aliletwa na mkwe wa Msasi kama zawadi. Alikuwa na kifua kipana na soksi nyeupe miguu yote minne, na aliposikia nguruwe akikoroma alirudi nyuma ya miguu ya watu. Huyo aliitwa Bwana Harusi.

*

Binti wa Msasi alikuwa karani wa halmashauri, na nyumbani walimwita hivyo hivyo, Karani. Ni yeye aliyeipeleka barua ya maombi, akaifuatilia mezani kwa mkuu wa kitengo mara tatu, hadi daktari wa mifugo akapangiwa kufika Jumanne ya wiki iliyofuata. Yeye mwenyewe alikatazwa kuwapo siku hiyo, kwa kuwa mwombaji ni baba yake. Kwa hiyo siku moja kabla, Jumatatu alasiri, alitoka kazini, akavua viatu mlangoni, akaketi na fomu mapajani.

"Baba, kaa hapa. Mimi ndiye Daktari. Nakuuliza: mzee, katika hawa watatu, yupi mwindaji bora?"

"Unamjua."

"Mimi ni Daktari. Simjui."

"Kama humjui, umekuja kupima nini?"

Mama yake, aliyekuwa akimenya viazi kizingitini pa jiko, akacheka bila kuinua uso.

"Mama, usimpe kichwa. Baba, sikiliza. Alama ni mia. Sitini za umbile, anapima mwenyewe. Arobaini za kazi, anaandika unayomwambia wewe. Anayepata sabini anapona. Sina Neno kwa umbile hafiki popote, unamwona. Atapona kwa mdomo wako. Haya: yupi bora?"

Msasi alielekeza kidevu, si kidole. "Yule pale."

"Yule pale ana nini?"

Msasi akamtazama jike aliyelala kando ya ndoo, akashusha sauti. "Si mbaya sana."

"Si mbaya sana ni alama tano."

"Basi niseme nini?"

"Useme ukweli! Kwamba hakuna mbwa kama yeye."

"Mbele yake?"

Karani akafunga kalamu. Yeye pia alizaliwa katika nyumba hiyo. Alijua kwamba msasi hamsifu mbwa wake, na jirani hamsifu mbwa wa msasi. Mbwa akitajwa vizuri, walisema, nguruwe hupata habari. Akifa kwa meno ya nguruwe baada ya hapo, mtu wa kuulizwa ni aliyemsifu. Kwa hiyo mbwa mzuri waliitwa mzigo, mlafi, balaa, na kadiri alivyokuwa mzuri ndivyo matusi yalivyoongezeka. Aliyesifiwa alikuwa mbwa asiye na kazi, ambaye sifa haiwezi kumpunguzia chochote.

"Baba, nguruwe hajui kusoma fomu."

"Wewe ulipofaulu mtihani, nilikwenda sokoni kutangaza?"

"Hukutangaza. Uliwaambia watu nimebahatisha."

"Na kazi ukapata."

"Nilipata kwa sababu waliosahihisha hawakukuuliza wewe."

Mama akacheka tena, safari hii kwa muda mrefu, kisha akajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye kisu. "Mwahidi mwanao," alimwambia mumewe. "Siku moja tu. Ukishasema, utatubu."

"Nimesikia," alisema Msasi.

Karani alimfahamu baba yake vya kutosha kujua kwamba kusikia si kukubali. Lakini alikuwa amechoka, na kesho yake alikuwa na kikao saa mbili asubuhi. Akayachukua maneno hayo kama ahadi.

*

Daktari alifika saa kumi alasiri, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya mpira na mkoba uliopasuka mshono. Nyumba ya Msasi ilikuwa ya kumi na nane. Katika zile kumi na saba alikuwa ameoneshwa koko wa kila rangi, na kila mwenye koko aliapa kwamba mbwa wake aliwahi kumwangusha chui. Mtu mmoja alikuwa amempaka mbwa wake dawa ya viatu. Daktari alikubali kiti, akakataa chai, akatoa utepe wa kupimia.

Alifanya kazi yake vizuri. Alipima kimo begani, urefu wa uso, upana wa kifua. Alihesabu meno. Alipiga picha ubavu wa kushoto na wa kulia. Aliuliza kama mbwa hubweka, akaambiwa hawabweki, akasubiri dakika kumi akiwa kimya ili ahakikishe, kisha akaandika. Aliuliza juu ya kengele, akaishika, akaipima uzito mkononi. Msasi alianza kumheshimu. Mke wa Msasi alikuwa ameuosha ua mzima asubuhi, akamvalisha mumewe shati la mazishi. Alitazama kutoka mlango wa jiko, mikono ikiwa ndani ya kanga yake.

"Sasa mzee, tufike kwenye kazi. Huyu dume ana sura nzuri. Vipi kazini?"

"Huyu?" Msasi alicheka kidogo, uso ukamfunguka. "Huyu ni mzuri sana, Daktari. Mtazame kifua. Mtazame miguu. Mbwa kama huyu utazunguka kutwa usimpate."

Daktari akaandika. Jikoni, kifuniko cha sufuria kilianguka.

"Na huyu jike mdogo?"

"Anaanza anza. Kichwa kigumu, lakini anakwenda."

"Na huyu mkubwa?"

Sina Neno alikuwa amekaa kwa matako mbele yao, hatua mbili kutoka kwenye goti la Msasi, amemkazia macho. Msasi alifungua mdomo. Alikumbuka fomu mapajani kwa binti yake, alikumbuka arobaini. Aliyafahamu maneno aliyotakiwa kuyasema. Alikuwa ameyarudia peke yake chooni asubuhi ile. Alimtazama jike yule, na yule akamtazama.

"Huyu ni mzigo tu," alisema.

"Mzigo?"

"Mlafi. Masikio hayana kazi. Namlisha kwa sababu ya mazoea."

"Kwa hiyo huendi naye shambani?"

"Naenda naye. Hakuna wa kumwachia."

Mke wa Msasi alitoka jikoni na bilauri ya maji ambayo haikuombwa. Alimkabidhi Daktari kwa mikono miwili. Alitaka kusema jambo, lakini yeye pia alikuwa ameishi na wasasi kwa miaka thelathini na minne, na mbwa alikuwa pale pale.

"Daktari," alisema mwishowe, "haya maneno ya wasasi, mama, uyapime kwanza. Usiyabebe kama yalivyo."

"Usijali, dada. Nimewazoea."

Daktari alimshukuru kwa dhati. Siku nzima alikuwa akidanganywa kuelekea juu, kwa hiyo alielewa kwamba mke anamwonya juu ya chumvi ya mumewe, kwamba hata hilo la kwenda naye shambani ni la kupunguzwa. Alirudi kwenye safu ya Sina Neno, akaifuta tano, akaandika nne. Chini kabisa, kwenye nafasi ya maoni, aliandika kwamba mmiliki, aliyekiri ubovu wa mbwa wake mwenyewe, ni mtu mkweli. Hakuwa ameandika hivyo katika nyumba yoyote kati ya zile kumi na saba. Msasi aliweka sahihi.

*

Matokeo yaliletwa na Karani Jumatano jioni. Hakuyatoa mkobani hadi alipokunywa maji.

"Bwana Harusi, tisini na nne," alisoma. "Mtajua, sabini na mbili. Sina Neno, umbile arobaini na nane, kazi nne. Hamsini na mbili. Aondolewe." Akageuza karatasi. "Na kuna picha. Bwana Harusi watamweka kwenye kijitabu cha mifugo ya asili. Ukurasa mzima. Wameandika: mfano bora wa mwindaji."

Mama yake alikaa chini.

"Mfano bora," Msasi alirudia.

"Maneno ni yako, Baba. 'Utazunguka kutwa usimpate.' Nimesoma faili lote. Niliomba nini kwako? Niliomba uimbe? Niliomba sentensi moja!"

"Nilidhani angejua."

"Angejuaje?"

"Mtu mzima akikuambia mbwa wake ni mzigo, na mbwa mwenyewe ana sikio lililochanwa na nguruwe na jino limevunjika kazini, huwezi kuelewa?"

"Yeye si msasi, Baba. Amesoma mifugo. Hakusoma sisi."

"Basi akasome."

"Hadi Ijumaa?"

Sina Neno alisimama, akanyoosha miguu ya mbele, akaenda kulamba chungu kilichokuwa kimekauka. Alikuwa na desturi ya kulamba chungu kila ilipofika saa hiyo, kiwe na kitu au kisiwe na kitu.

"Kuna rufaa," Karani alisema, sauti imeshuka. "Kesho, hadi saa tisa. Unakwenda na mbwa na shahidi mmoja. Tena unakwenda wewe, si mimi. Mkuu wa kitengo ameshaniambia kwamba nimeleta wanyama wengi kuliko mafaili. Watu wote ofisini walicheka."

"Ulimjibu nini?"

"Nilicheka pia. Ningefanya nini?"

*

Shahidi alikuwa jirani mwenye shamba kubwa la mahindi kando ya mto. Walimwita Haraka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akiharakishwa na kitu chochote. Kama kuna mtu aliyejua thamani ya Sina Neno kwa hesabu ya mabua, ni yeye.

Mlinzi wa lango la halmashauri alisema mbwa hatembei kwenye korido.

"Apitaje?" aliuliza Msasi.

"Mzee, mimi nimeambiwa hatembei. Sikuambiwa apitaje."

Msasi akaweka fimbo kwapani, akapiga goti moja zima, akambeba. Sina Neno alikuwa na kilo kumi na hakuwa amebebwa tangu alipokuwa mtoto. Alikaza miguu yote minne kama meza. Hivyo ndivyo walivyopita mbele ya madirisha ya malipo, mzee anachechemea, mbwa amekakamaa, Haraka akifuata nyuma na kofia mkononi. Watu waliokuwa kwenye mstari waligeuka. Mmoja aliuliza kama maharusi wamepata ukumbi. Karani, kwenye meza yake nyuma ya kaunta, aliendelea kupiga muhuri. Alipiga muhuri karatasi moja mara tatu.

Walisubiri kwenye benchi kwa muda wa saa mbili na nusu. Daktari alipowaita alikuwa hajala, na mezani kwake kulikuwa na faili thelathini na moja za rufaa, zote zikisema kitu kimoja.

"Mzee," alisema, "juzi nilikuandika mtu mkweli. Leo umekuja kuniambia ulikuwa mwongo?"

"Sikuwa mwongo. Nilikuwa na adabu."

"Sijakuelewa."

"Ndiyo. Nimeona."

Daktari akamgeukia Haraka. "Wewe ni shahidi. Unamjua mbwa huyu kazini?"

"Namjua."

"Ni mwindaji mzuri?"

Haraka alizungusha kofia. Alimtazama mbwa, akamtazama Msasi, akautazama ukuta, ambako hakukuwa na msaada. "Ni mbwa," alisema.

"Najua ni mbwa."

"Ni mbwa kama mbwa wengine, Daktari. Anakuja, anaondoka. Mimi si mtu wa kusema ya mbwa wa mwenzangu."

"Basi umekuja kufanya nini hapa?"

"Nimemsindikiza."

Daktari aliweka kalamu chini, akajikanda macho kwa vidole viwili. Hakuwa na hasira. Alikuwa na faili thelathini na moja. "Wazee wangu. Kesho saa mbili gari linapita. Mmiliki ameniambia mbwa ni mzigo. Shahidi ameniambia mbwa ni mbwa. Nikiandika kitu kingine, nitakuwa nimekitoa wapi?"

Msasi alikohoa. "Naomba mbwa atoke nje kwanza. Nitasema."

"Kanuni inataka mnyama awepo wakati wa maelezo. Watu walikuwa wanamleta mbwa mmoja, wanaeleza mwingine."

"Atasikia."

Daktari alimtazama ili aone kama anatania. Akaona hatanii. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alisogeza kiti karibu. "Akisikia kutatokea nini, mzee?"

Msasi alimweleza kwa maneno machache, akitazama sakafu: sifa, nguruwe, aliyesifu. Alipoieleza desturi hiyo kwa mtu aliyesoma, chini ya taa nyeupe, ilisikika ndogo sana hata masikioni mwake. Haraka aliitikia kila sentensi kwa kichwa. Daktari alisikiliza hadi mwisho. Akakumbuka bilauri ya maji ambayo haikuombwa, akaelewa alichokuwa ameambiwa.

"Siwezi kuandika desturi," alisema, si kwa ukali. "Nafasi ya desturi haimo kwenye fomu. Naweza kuandika unachosema juu ya huyu mbwa, akiwa hapa. Ukinyamaza pia naelewa. Amua wewe."

Nje ya mlango muhuri ulikuwa umenyamaza.

Msasi aliinama, akamshika Sina Neno shingoni kwa mikono miwili, kama anayetaka kumziba masikio. Kisha akamwachia, kwa kuwa ingekuwa udanganyifu.

"Ana miaka tisa," alisema. "Alianza kazi na miezi kumi na mmoja. Hamkimbilii nguruwe usoni. Humzunguka akamkatia njia ya mtoni, kwa sababu nguruwe akishafika mtoni humpati. Mwenye watoto hamgusi, humtoa shambani akarudi. Ndani ya mahindi hupita kati ya mistari. Misimu minane hajavunja bua. Huyu bwana hapa ni shahidi, hata asiposema. Kengele ikiwa na nyasi huinamisha shingo isigonge, na hilo sikumfundisha mimi. Mtoto wake akikosea humzuia kwa bega, hamng'ati. Sikio lilichanwa mwaka wake wa tatu. Mkia, mwaka wa sita. Jino aliliacha kwenye paja la nguruwe mwaka jana. Hayo matatu ndiyo uliyomkatia alama." Daktari aliandika bila kuinua kichwa, akamaliza, akasubiri, na Msasi akaongeza: "Mbwa wa kumshinda huyu sijawahi kuwa naye. Baba yangu pia hakuwa naye."

Haraka alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliye msibani.

Daktari alihesabu. Umbile arobaini na nane, kazi thelathini na nane. Akaandika themanini na sita, akagonga muhuri, akatoa kibati kwenye droo. Alitaka kukifunga mwenyewe, lakini Msasi alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Akamwachia.

Wakati wa kutoka, Karani aliwafuata hadi kwenye korido. "Baba."

"Umesikia?"

"Nimesikia yote."

"Yanaweza kufutwa?"

"Yafutwe! Ndiyo yaliyomponya!"

"Najua. Nauliza tu, baadaye, wakishamaliza nayo. Yanaweza kufutwa?"

"Hayafutwi, Baba. Yanakwenda makao makuu."

Msasi alitikisa kichwa polepole, akapiga goti, akambeba mbwa tena.

*

Ijumaa gari lilipita saa mbili na robo, likamaliza saa sita. Mbwa arobaini na watatu waliondolewa katika kata ile. Nyumba ya Msasi haikuguswa. Mtu wa daftari alisoma vibati vitatu, akapiga alama tatu, akamtakia mke wa Msasi siku njema.

Jumamosi alfajiri Haraka alikuja mwenyewe. Nguruwe walikuwa wameingia kutoka upande wa mto, sita au saba, na bado wamo.

Mke wa Msasi alishazitoa kengele zote tatu kwenye msumari na kuzipanga mezani. Msasi alichukua mbili.

"Na hii?"

"Mwache."

"Mwache vipi? Nguruwe saba?"

"Sita au saba."

"Baba Karani, mbwa ana cheti, ana chanjo, ana kibati. Tumehangaika wiki mbili ili aende kazini. Sasa haendi?"

"Tumehangaika asiuawe."

"Na kuna tofauti?"

Msasi alimfunga Mtajua kengele, kisha Bwana Harusi, aliyeipokea kwa furaha, akidhani ni chakula. "Siku zote nikimwachia nilikuwa najua atarudi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na habari zake. Leo akipasuliwa tumbo, nitamwuliza nani? Mimi ndiye niliyesema. Ofisini, mbele yake, na muhuri ukapigwa."

"Huyu mbwa hakuelewa hata neno moja, mume wangu."

"Mimi nilielewa."

Alimwita Sina Neno jikoni. Yule aliingia mbio, kichwa kimeinama tayari kuvishwa. Msasi akatoka, akafunga mlango, akatia komeo.

Walirudi saa saba mchana. Mtajua alikuwa amefanya alivyoweza: aliwafukuza nguruwe wawili, wakamzunguka, wakashuka mtoni, wengine walirudi katikati ya shamba, yeye akawafuata humo humo na kuvunja mahindi aliyoyapita. Bwana Harusi alikaa karibu na Haraka. Robo ya shamba ililala chini. Haraka aliwapa maji, akazungumza juu ya mvua. Hakusema neno juu ya mbwa, na hakusema watakutana lini. Alipoagana na Msasi alisema tu kwamba kuna kijana wa mtaa wa chini ambaye huleta bunduki.

"Amekula?" Msasi alimwuliza mkewe alipofika uani.

"Hajagusa. Amesimama hapo hapo tangu ulipofunga."

Msasi alifungua mlango wa jiko. Sina Neno alitoka bila haraka, akampita bila kumnusa mkono. Alikwenda kwa Mtajua. Alimnusa midomo, kifua, miguu ya mbele, akakaa muda mrefu kwenye paja la kushoto, palipokuwa na tope la mtoni na manyoya magumu yasiyo ya mbwa. Akaenda kwa Bwana Harusi, akamnusa mara moja. Kisha akavuka ua hadi kwenye kivuli cha ukuta, akajizungusha, akalala akiwa amewapa wote mgongo. Kibati kiligonga sementi, kikatulia.